Sindano kwa Mbwa, Siyo Rungu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Lulimba. Komite iliomba yaandikwe ili wale wasiofika, na ndugu zetu walio mbali, wayasome pia.)



Katibu aliponipa nafasi alisema, "Dakika ishirini, na usitusomeshe kama uko chuoni." Nitajaribu. Nimekuja kusema juu ya mbwa. Naona wengine wanacheka huko nyuma. Ni sawa, mucheke kwanza. Hata mimi zamani, kama mtu angesimama mbele ya watu waliorudi kutoka ukimbizini, watu ambao bado wanatafuta mabati na jembe, akaanza habari za mbwa, ningetoka inje nikanunue ndizi.

Nitaanza na jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu.

Wakati ule nilikuwa natembea na orodha ya kugawa majembe na mbegu. Nikafika kwa mama mmoja, mrudi kama sisi. Jina sitalitaja, lakini ameniruhusu kusema. Mtoto wake wa kiume, wa miaka tisa, alikuwa amefungwa kitambaa mkononi. Nikauliza kuna nini. Mama akasema katoto ka mbwa kalimuuma wakati wakicheza, siku tatu zimepita. Walikuwa wamemwekea jiwe nyeusi, kama vile tunafanya kwa nyoka. Nikafungua kitambaa nikaangalia. Kidonda kilikuwa kidogo, alama mbili za meno, kimeanza kukauka. Nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe, nayakumbuka vizuri: "Mama, hii ni ndogo, itapona." Akatia kidole kwenye wino, akapiga alama kwenye orodha, nikapita nyumba nyingine.

Na kweli kidonda kilipona. Njo ubaya wa ugonjwa huu. Wiki sita baadaye mkono ukaanza kumuwasha, pale pale palipokwisha kupona. Halafu homa. Halafu akakataa maji. Si kwamba hakuwa na kiu, alikuwa anayaomba. Nilimshikia kikombe mimi mwenyewe, koo likakaza hata kabla maji hayajafika mdomoni, akakisukuma na kupiga kelele. Hata upepo wa mlango ulimshitua. Katikati ya yale mashituko alikuwa na akili zake, alinitambua, aliniita kwa jina. Siku ya nne akafa. Muganga wa zamu alinivuta inje, akaniambia kwa sauti ya chini: "Yule aliyeona kidonda siku ile angemleta." Hakujua kwamba aliyekiona ni mimi.

Kichaa cha mbwa, ile waganga wetu wanaita raji, kinaingia kwa mate ya mnyama mgonjwa kupitia kidonda. Hakitembei kwa damu. Kinafuata mishipa ya fahamu, polepole, kutoka mkono au mguu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine karibu mwaka mzima. Katika safari hiyo mtu hana dalili yoyote, anacheza mpira, anachota maji. Na njo wakati peke yake wa kumuokoa. Kikifika kwenye ubongo, dalili zikaonekana, hakuna hospitali duniani, hata huko Ulaya, yenye dawa ya kutegemea. Karibu wote wanakufa.

Lakini mbele ya hapo dawa iko, na si ya jana. Mwaka 1885, mwezi wa Julai, mtoto anayeitwa Joseph Meister, wa huko Alsace, alipelekwa Paris kwa Louis Pasteur. Aliumwa na mbwa mwenye kichaa mara kadhaa. Alifikishwa siku mbili baada ya kuumwa, akachomwa chanjo, akapona, akawa mtu mzima. Alikuwa na miaka tisa. Niliposoma hilo nilifunga kitabu. Siku mbili yeye, siku tatu yule wa kwetu, na katikati yao zaidi ya miaka 100.

Kwa hiyo, mbele ya yote: mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa wa nyumbani, hata mdogo, hata kama ni mkwaruzo tu, chukua sabuni na maji mengi, osha kidonda dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, endelea tu. Ile sabuni inaua virusi vingi palepale. Usiweke jiwe nyeusi, usiweke mafuta ya gari, usiweke majivu, usishone. Halafu nenda kwa muganga siku hiyo hiyo, siyo keshokutwa. Sindano ni nyingi, zinapangwa kwa siku, na mtu akikatiza katikati ni kama hakuanza. Kidonda kikiwa kikubwa, au kiko kichwani na usoni, kuna dawa nyingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe. Mbwa akiwa bado anashikika, afungwe mahali na aangaliwe siku 10. Kama alikuwa na ugonjwa kwenye mate siku aliyouma, hatazimaliza siku hizo akiwa mzima.

Sasa munajua vizuri kama mimi kwamba chanjo ya raji ya watu haikai katika kila kituo huku kwetu. Munajua barabara ya kutoka hapa kupitia Fizi mpaka Baraka, mvua ikinyesha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kumtibu mtu mmoja aliyeumwa, ukihesabu sindano, safari na siku za kazi alizopoteza, ni wastani wa dola 108. Nani hapa ana dola 108 zimelala chini ya kitanda? Njo maana watu 59 000 hivi wanakufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na kati ya 10 wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Madaktari wa Kinshasa waliandika mwaka 2014 habari za watoto 21 waliokufa na raji katika mji mkuu wetu, mahali penye hospitali kubwa. Basi Lulimba?

Nirudi kwenye avenie yetu. Baada ya matanga, vijana walichukua rungu na panga. Siku mbili waliua mbwa. Sitawatukana, wengine wako hapa na walikuwa wanalia wakati wanapiga. Lakini niliangalia ni mbwa gani waliokufa. Walikufa wale waliofungwa kamba, wenye bwana wao, wanaokuja wakiitwa, juu hao njo rahisi kushika. Wale wa kuzurura walikimbilia kwenye mihogo, usiku wakarudi kwenye majalala. Watu wengine walificha wao, na nimesikia kuna aliyepakia mbwa wake kwenye moto usiku mpaka kwa ndugu upande wa Misisi. Kama mbwa yule alikuwa na ugonjwa, tuliusafirisha wenyewe, na mafuta tulilipa. Mwaka haujaisha, vitoto vipya vya mbwa vilikuwa vimejaa sokoni. Si sisi tu. Kisiwa cha Flores, huko Indonesia, mwisho wa miaka ya 1990 waliua sehemu kubwa ya mbwa wote, na ugonjwa ukabaki.

Na msimu ule nyani walikula mahindi yetu karibu na pori wakiwa wamekaa, kama wako kwenye karamu. Ni hapo watu wakakumbuka mbwa walikuwa wa kazi gani.

Kuna mzee mmoja muwindaji hapa aliyekataa kutoa mbwa wake. Alikaa mlangoni na mkuki. Mbwa wake ni wale wa zamani wa huku Kongo, hawabweki porini. Njo maana anawafunga kengele ya mti shingoni asiwapoteze. Wazungu walichukua mbwa wa namna hiyo kutoka Kongo, wakawaita basenji, na mwaka 1937 waliwaonyesha London, watu wakapanga mstari kuona mbwa asiyebweka. Mzee hajui habari hiyo na haimuhusu. Aliniambia tu: "Mtoto wangu, huyu amenilisha wakati wa vita, wakati nyinyi mulikuwa ngʼambo munapewa unga." Sikuwa na jibu.

Ni kweli tulikuwa ngʼambo. Mimi nilikulia Lugufu, huko Kigoma. Tulikuwa na mbwa jike mwekundu, alikuwa anatusindikiza mimi na dada yangu kwenda kutafuta kuni, na kwa msichana katika pori lile haikuwa jambo dogo. Siku yetu ya kurudi ilipofika, HCR ilikuwa na karatasi ya kila mtu: ya baba, ya mama, ya mtoto mchanga. Ya mbwa hapana. Alikimbia nyuma ya lori mpaka akachoka. Niliona vumbi tu. Wengi wenu muko na hadithi kama hiyo, nimeisikia mara nyingi, na kila mtu anaisema akicheka kidogo ili asionekane mtoto.

Sasa nije kwenye dawa. Dawa ya ugonjwa huu kwa kijiji maskini ni kumchanja mbwa. Karibu kesi zote za watu, 99 kati ya 100, zinatoka kwa mbwa. Ukichanja 7 kati ya 10 katika eneo, ugonjwa unakosa njia: mbwa mgonjwa anauma mbwa mwenye kinga, na hapo unaishia. Hauhitaji kuwapata wote. Lakini unahitaji kurudi kila mwaka, juu mbwa wa kijiji hawaishi sana na wanazaa haraka. Na munaona pia kwa nini rungu linaharibu: ukiua mbwa aliyechanjwa umebomoa ukuta uliojenga.

Jambo hili halikubuniwa Ulaya likaletwa kwa ndege. Limefanyiwa utafiti kwa majirani zetu, ngʼambo ya ziwa. Serengeti, mwaka 1994, simba walianza kutetemeka na kuanguka. Karibu theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile walikufa. Ulikuwa ugonjwa mwingine, unaitwa distempa, siyo raji, lakini ni ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijijini njo waliokuwa wanaubeba. Miaka michache mbele ya hapo, mbwa mwitu wa Serengeti walikuwa wamekufa na raji. Hapo wataalamu wa wanyama wakaelewa kwamba wakitaka kulinda simba wa watalii, lazima waende kuchanja mbwa wa mzee wa kijiji. Wakaanza kuchanja katika vijiji vinavyozunguka mbuga, na kule walikochanja vizuri, watu walioumwa na mbwa wenye kichaa wakapungua. (Nasikitika kidogo kwamba simba ndiye aliyefanya pesa zije, siyo mtoto. Lakini zilikuja.)

Halafu Pemba, kisiwa cha Zanzibar. Walichanja mbwa kisiwa kizima, na mwaka 2014 ugonjwa ukaisha kabisa. Wakalegeza chanjo. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, umeletwa kutoka inje ya kisiwa. Wakaanza tena, na mwaka 2018 wakaumaliza mara ya pili. Nasema habari ya Pemba kwa ajili ya wale wa komite wanaopenda mradi wa mara moja, wa kupiga picha na kugawa fulana. Kama tunataka kuchanja mwaka mmoja tu, afazali pesa hizo tununue mabati.

Najua muuliza swali wa kwanza atasema: frigo iko wapi? Lulimba haina stima. Mimi pia njo niliyokuwa najiambia, na nilikuwa nimeshaandika kwenye ripoti "haiwezekani". Lakini mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walitangaza kwamba chanjo moja ya mbwa, inaitwa Nobivac, waliiweka kwenye digrii 25 miezi sita, na kwenye digrii 30 miezi mitatu, halafu wakachanja mbwa, na kinga ikawa haipungui ile ya chanjo iliyotoka kwenye frigo. Kisha wakatengeneza chombo cha udongo cha kuitunzia kijijini, bila umeme, na mwaka 2020 wakaandika kwamba kinafanya kazi. Siri yake mama zetu wanaijua tangu zamani: nyungu ya maji ya kunywa inayotoa jasho. Maji yakitoka kwenye udongo na kukauka, yanaondoka na joto. Wakati wa jua kali, maji ya nyungu yanashinda soda ya sokoni.

Lakini munisikilize hapa, nisije nikaua mtu mara ya pili. Hii ni kwa chanjo ile ya mbwa iliyopimwa hivyo. Chanjo za watu, na chanjo za watoto wachanga, mahali pake ni kwenye frigo kila saa. Mtu asiende kwenye kituo cha afya kuwafundisha waganga habari za nyungu.

Swali la pili liliandikwa na mfadhili wetu mmoja, ndugu yetu wa kambini aliyepelekwa Amerika. Aliandika hivi, kwa ukweli: kwa nini tutoe kwa mbwa, na watu hawana dawa? Halafu mwisho wa barua akaongeza kwamba yeye huko ana mbwa, na mbwa yule ana karatasi ya chanjo, sheria inamtaka, na anaona muganga mara nyingi kuliko yeye mwenyewe. Tulicheka sana kwenye ofisi. Lakini njo jibu lake lenyewe. Huko alipo, mtoto wake anacheza na mbwa wa jirani na yeye analala usingizi, kwa sababu mbwa wa jirani amechanjwa. Hatuombi mbwa wa Lulimba apate shampuu. Tunaomba usingizi ule. Dozi ya mbwa ni sehemu ndogo sana ya zile dola 108, na kila mbwa aliyechanjwa anakaa katikati ya ugonjwa na nyumba kadhaa. Mwaka 2015, Geneva, OMS na mashirika ya mifugo walikubaliana kwamba kufikia mwaka 2030 asife tena mtu kwa raji ya mbwa. Tarehe nzuri. Ila mimi sijaona bado gari lao kwenye barabara hii, basi tuanze na moto yetu.

Swali la tatu ni la wazee: "Vitoto vya mbwa ni vidogo sana kuchomwa." Hapana. Vichomwe vyote, hata vya wiki chache. Nani anacheza na watoto wetu kuliko hao? Aliyemuuma yule mtoto alikuwa kadogo hivi, anabebwa kwa mkono mmoja. Na paka waliomo kwenye gala za mahindi waletwe pia, kwenye kikapu, juu kumfunga paka kamba ni kutafuta vita.

Hali ilivyo leo ni hii. Tumepata muganga wa mifugo aliyekubali kuja kutoka Baraka. Vijana wanane wamejitolea, na watatu kati yao ni wale waliokuwa na rungu. Wanapita nyumba kwa nyumba kuhesabu mbwa, na wamefundishwa wasiulize "Una mbwa?" maana kila mtu anasema hana, anaogopa. Wanauliza, "Mbwa anayelala hapa ni wa nani?" Nyungu mbili kubwa zimekwisha kuchomwa. Mzee muwindaji ametoa kivuli cha mwembe wake, na amesema mbwa wake watakuwa wa kwanza ili watu waone hawafi.

Kinachokosekana ni dozi zenyewe, sindano, mafuta ya moto kwenda na kurudi, rangi ya kuweka alama kwenye mbwa aliyechanjwa, na chanjo ya watu kwa wale watakaoshika wanyama. Bila hiyo sitaruhusu kijana yeyote ashike mbwa. Hesabu yote iko kwa mweka hazina, kila mwanachama na kila mfadhili anaweza kuiomba. Kuna pesa ya mwaka wa pili ndani yake, na ninaomba isikatwe.

Siku ikitangazwa, kila mwenye mbwa alete kamba yake. Mtoto asije peke yake na mbwa, aje na mtu mkubwa. Mutakuta meza mbili. Kwenye ya kwanza, kama mtu ameumwa siku za karibuni, hata kidogo, aseme hapo kabla ya kitu kingine chochote, kutakuwa na maji na sabuni na moto ya kumpeleka hospitali. Mama wa yule mtoto ameomba meza hiyo iwe yake. Mimi nitakuwa kwenye ya pili, nikishika mbwa.